Kiti cha Heshima

Kwa muda wa miezi saba mama yetu hakuuona uso wa dada yake. Yeye yuko Lamu mjini, na mama yetu mkubwa yuko Faza, kisiwani Pate. Baina yao hapana barabara, pana maji tu. Mama mkubwa alikuwa amepooza upande wa kushoto na hakuweza kusafirishwa. Mama alikuwa mzima wa miguu, lakini alikuwa ameapa kwamba hatautia tena mguu wake ndani ya boti yetu. Waliomfikisha kwenye kiapo hicho ni sisi wanawe, tena kwa kutaka kumheshimu.

Boti yenyewe tuliinunua kwa mtu huko Mtwapa, ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi. Ni ya faiba, urefu wake futi 18, na mashine ya nguvu za farasi 60 imefungwa nyuma kwa nje. Asili yake ni Marekani, ambako boti za namna hii huundwa kwa ajili ya maziwa: asubuhi baba huvulia samaki, na jioni humvuta mwanawe kwa kamba, mtoto akiteleza juu ya maji akiwa amesimama juu ya mbao mbili. Mbele ina jukwaa la mvuvi lenye kiti cha kuzunguka, na nyuma ina tangi la kuwekea samaki hai. Sisi hatukuwa na haja ya kuteleza. Tulitaka chombo cha kuvulia siku za kazi, na siku za Idi kitufikishe kwa jamaa zetu.

Siku ya pili ya Idi tulimkalisha Mama katika kiti kile cha mbele. Ndicho kilichokuwa na mto mzuri, nacho hakifikiwi na moshi wa mashine. Tulisoma dua ya kupanda chombo, tukapita Mkanda kwa utulivu, mikoko kulia na kushoto, na watoto wakihesabu kaa. Tulipotoka kwenye ghuba ya Manda, upepo wa kusi ulikuwa umeshika. Omo ikapanda, ikaanguka, ikapanda tena, hata pale ambapo mawimbi yenyewe hayakuwa makubwa. Boti ilikwenda kama pomboo anayecheza. Aliyeshika usukani akaongeza mafuta, akidhani kwamba kasi itaituliza. Mara ya nne au ya tano Mama alirushwa juu, akakiangukia kiti kwa uzito wake wote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nirudisheni."

Picha ilionyesha kwamba pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Alilala wiki nyingi, na alipoinuka alinuia Faza isiyofikika.

Kila baharia mkongwe anajua jambo ambalo sisi hatukulijua: omo ndiyo ipandayo na kushuka kuliko mahali pengine popote katika chombo. Anayekaa nyuma kidogo ya katikati hupata sehemu ndogo tu ya kishindo. Kiti tulichokiona kuwa cha heshima ndicho kilichokuwa kibaya kupita vyote, na kwa mzee ni hatari. Akina mama wenye mimba nao wakumbukwe hapa, maana mara nyingi tunawaona wakipewa mbele ili wapate hewa.

Habari za Faza zilipozidi kuwa nzito, baadhi yetu walisema dawa ni mashine kubwa zaidi. Fedha hazikuwapo, ila zile tulizokuwa tukimwekea Mama kwa ajili ya Umra. Aliposikia, alisema zitwaliwe. Udugu usikatwe kwa sababu yake. Tuliona haya sana, na kwa bahati njema haya hiyo ilituchelewesha. Katika kuchelewa huko akaja mjomba wetu, ambaye ujanani alikuwa baharia wa jahazi na hajui lolote la mashine. Aliitazama boti ikiwa imetia nanga, haina mtu ndani, akasema, "Wanangu, chombo hiki kimechuchumaa. Ni farumi gani hii mliyoitia tezini?"

Hatukuwa tumetia farumi yoyote. Tulikuwa tumekwisha kuyakumba maji yote ya ngama, na bado tezi ilikuwa imezama. Tukaifungua sakafu. Boti za aina hii hujazwa chini ya sakafu sponji ngumu nyepesi ili zisizame zikijaa maji. Sponji ya kwetu, kwa miaka ya mvua na nyufa zilizozibwa juujuu, ilikuwa imeyanywa maji kama mkate uliotumbukizwa katika chai. Tuliikata vipande, tukaipima kwa mizani ya samaki: zaidi ya kilo 90, karibu yote ya sehemu ya nyuma. Yaani tulikuwa tukisafiri kila siku na mtu mzima aliyejificha chini ya miguu yetu. Aliyetuuzia alikuwa ameipaka sakafu rangi mpya. Kama alijua au hakujua, tumemwachia Mola wake.

Tukatia sponji mpya. Kisha tukahesabu vilivyokuwa nyuma, na hesabu ikatushangaza. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi tangi la samaki likijaa lita 60 ni kilo 60; petroli ni nyepesi kidogo, lita 50 zikikaribia kilo 37; na betri, na nanga ya pili, na mashine yenyewe ambayo haiwezi kuwa pengine. Petroli na betri tukavihamishia karibu na katikati, na tangi la samaki tukaliacha kavu kila tunapobeba watu. Pini inayozuia mwinamo wa mashine tukaisogeza tundu moja ndani, ili msukumo uishushe omo badala ya kuiinua. Baada ya hayo tu, kule kurukaruka kama pomboo kulikwisha.

Lakini penye kona mashine ilikuwa ikipiga ukelele na boti ikikosa nguvu ghafla, jambo la kutisha mbele ya wimbi. Hapo tulimwita fundi. Alituonyesha bapa lililo juu ya rafadha, au propela kama waitavyo mafundi. Bapa hilo hupaswa kuwa sawa na sehemu ya chini ya boti, au juu yake kwa inchi moja hivi. La kwetu lilikuwa juu kwa inchi mbili na nusu. Mwenyewe wa kwanza alitaka mbio katika maji matulivu, na rafadha iliyo juu sana hula hewa pindi boti inapolala upande. Mashine ikashushwa matundu mawili, inchi moja na nusu. Rafadha nayo ilikuwa na hatua ya inchi 15, nzito mno kwa familia iliyojaa. Mashine ikitiwa mafuta yote ilifika mizunguko 4,700 tu kwa dakika, na kitabu chake chataka kati ya 5,000 na 6,000. Tukapata ya inchi 13, iliyokwisha kutumika, ikavuka 5,000. Kasi ya juu ilipungua kidogo. Boti ikaanza kuinuka upesi na kutulia.

Haya yote twayaandika kwa mistari michache, lakini yalituchukua wiki tano, maana fundi alitushurutisha kubadili jambo moja kwa kila safari. Ukibadili matatu kwa pamoja hujui ni lipi lililokuponya na lipi lililokudhuru. Badala ya watu tulipakia madumu ya maji ya lita 20, tukiyapanga tulivyozoea kukaa. Gharama zote hazikufika hata robo ya bei ya mashine mpya.

Mama alikuwa akitutazama na hakusema neno, hata siku moja akatupa trei ya mayai 30 na kuagiza iwekwe mahali atakapokaa yeye. Safari ya kwanza tulimrudishia kumi na tisa yaliyo mazima. Safari ya mwisho, baada ya kubadilisha rafadha, yalipasuka mawili. Aliyageuzageuza mkononi, akasema huenda hayo mawili yalipasuka sokoni.

Tuliondoka alfajiri, baada ya Swala, kabla ya upepo kuamka, maji yakiwa yanajaa. Kila mmoja wetu alivaa jaketi la uokozi, na Mama alivaa lake juu ya buibui akilalamika kwamba linamfanya kama gunia la nazi. Alikaa nyuma ya katikati, juu ya godoro lililokunjwa, mkono wake katika mkono wa mmoja wetu. Kwenye ghuba tulipunguza mwendo, na mawimbi tuliyakata kwa upande kidogo badala ya kuyakabili uso kwa uso. Kishindo kilikuwapo. Kila kilipotokea tulimtazama Mama, naye akatuashiria tutazame mbele.

Mama mkubwa hakuweza kuinuka. Aliutoa mkono wake wa kulia chini ya shuka, akaushika uso wa mdogo wake, akamwuliza kwa ulimi ulio mzito kwa nini amechelewa namna ile. Mama akaanza kumweleza habari za sponji, na tangi, na mayai, na wote wawili wakacheka mpaka chai ikapoa. Adhuhuri tulimkumbusha kwamba maji yameanza kupwa. Alisema sisi tungeweza kwenda.