Dawa za Akili na Tezi ya Shingo



Ndugu wasomaji, maradhi ya akili ni mtihani kama mitihani mingine. Lakini kuna jambo ambalo sisi wa Kabonga hatukulijua mpaka lilipoingia nyumbani kwetu: baadhi ya dawa za akili hudhoofisha tezi ya shingo.

Dada yangu anatumia kwetiapini na lithiamu. Zilimsaidia, alhamdulillah, akarudi kuanika dagaa na kulea wanawe. Mwaka wa pili akaanza kunenepa, uso ukavimba, akawa anasinzia mchana na kujitanda shuka wakati wenzake wanatokwa jasho. Majirani wakasema jini limerudi. Wengine wakamwambia azitupe dawa. Shemeji akamwita mvivu, na neno hilo ndilo lililomliza.

Mama hakukubali. Akampeleka Bujumbura, safari ya zaidi ya kilomita 120, akapimwa damu kwa kipimo cha TSH. Kilikuwa juu sana. Maana yake ubongo unaihimiza tezi ifanye kazi, nayo haiwezi.

Daktari alitueleza kuwa kwetiapini huteremsha homoni ya T4 kadiri dozi inavyopanda, ingawa kwa wengi upungufu huo ni mdogo na hauhitaji tiba. Lithiamu ina nguvu zaidi, kwani huizuia tezi kutoa homoni zake, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Hakumwachisha dawa zake, kwa sababu kuziacha ghafla kungeweza kumrudishia maradhi. Alimwongezea kidonge cha levothairoksini, anachomeza kwa maji kila siku, nusu saa au zaidi kabla ya chai na chakula. Baada ya wiki kadhaa akapimwa tena, na kidogo kidogo akaanza kuchangamka.

Enyi wazazi na wanafunzi mnaouguza, ombeni tezi ipimwe kabla mgonjwa hajaanza lithiamu, kisha kila miezi 6. Ramadhani ikikaribia, mtumiaji wa lithiamu amwone daktari kabla ya kufunga, kwani mwili ukikaukiwa maji dawa hiyo huzidi katika damu na yaweza kuwa sumu.

Na mgonjwa akipoa na kulala sana, tusikimbilie kumlaumu wala kumtupia dawa zake. Kwanza apimwe.

Wabillahi tawfiq.