Usisugue, Iache Inywe

Dada yangu alikuwa bado hajafika katikati ya habari za ugonjwa wa mumewe, na mimi nilikuwa nimeshampa ushauri mara tatu. Kiwiko changu kikagonga kikombe, chai ya maziwa ikatambaa mezani. Nikanyofoa tishu ya chooni iliyokuwa karibu, nikasugua. Ikakatikakatika vidoleni na chai ikazidi kusambaa. Dada akachana vipande viwili vya roli ya jikoni, akavilaza juu ya chai. “Usisugue,” akaniambia. “Iache inywe.” Ikainywa yote.

Alipoondoka nikadondoshea maji karatasi tatu. Kwenye ukurasa wa daftari tone lilisimama liking’aa, kwani karatasi ya kuandikia hutiwa dawa ya kuzuia wino usisambae. Tishu ilinywa, ila nilipoiinua ikachanika. Ile ya jikoni ilimeza tone, nikaiinua nzima.

Zote ni nyuzi za miti. Zinatofautiana kwa asili na malezi. Misonobari, kama ile ya Sao Hill kule Mufindi, ina nyuzi ndefu za kama milimita 3, zinazoshikana kwa nguvu. Za mkaratusi ni fupi, kama milimita 1, nazo huleta ulaini. Kiwandani mbao hupikwa kwa dawa ili kutoa lignini, gundi ya mti isiyopatana na maji. Hubaki selulosi, inayoyapenda. Karatasi ya jikoni huongezewa dawa ya kuifanya istahimili kulowa. Ya chooni hunyimwa makusudi, isije ikaziba bomba.

Kilichonigusa zaidi ni namna karatasi inavyokaushwa. Ikikamuliwa sana kwa rola, nyuzi hulaliana na nafasi kati yake hupungua. Karatasi za ghali hupitishiwa hewa ya moto bila kubanwa hivyo, zikabaki zimetuna, zimejaa vijitundu ambamo maji hujivuta yenyewe. Nazo nyuzi za karatasi chakavu, zilizokwisha kulowa na kukaushwa tena na tena, hukakamaa. Hazivimbi tena kama mwanzo.

Nilijiona humo. Kazi, foleni na simu vimenikamua hadi nimekuwa mwepesi wa majibu. Nilidhani nikimpa dada ushauri haraka ndiyo namsaidia, kumbe nilikuwa nasugua tu, nikiusambaza uchungu wake meza nzima. Mwenye kusikiliza hahitaji kujaa maarifa. Anahitaji kuwa na nafasi ndani.

Kesho yake nikampigia simu. “Dada, nieleze upya.” Alizungumza dakika 40, mimi nikiitikia “ehe” na “pole” tu. Mwishoni akashusha pumzi, akasema, “Ahsante, mdogo wangu. Leo umenisikia.”

Nawe ndugu msomaji, akikujia mwenye la moyoni, tulia kwanza. Ushauri, akiutaka, atauomba.