Wikendi Lisbon na mtoto mwenye seli mundu

Tulipoanza kupanga safari ya Lisbon, mama yetu aliuliza swali moja tu: "Na mtoto mtamwacha na nani?"

Mtoto ni mpwa wangu. Ana miaka 9 na ana seli mundu. Dada yangu alikuwa na mafunzo ya kikazi katika mji mkuu huo wa Ureno mwezi Juni, shule zikiwa zimefungwa, akaniomba tuongozane ili tubaki wikendi moja ya kutembea. Karibu kila ndugu aliyesikia alisema mtoto abaki Dar es Salaam. Mwenyewe alinifuata jikoni, akauliza kwa sauti ya chini: "Mama mdogo, hata huko nitaumwa?"

Naandika habari za afya kila wiki, lakini swali hilo lilinishinda.

Tulimpeleka kwa daktari wake. Hakukataa. Alimpima, akatuandikia barua inayoeleza hali yake na dawa anazotumia, akasema dawa zote zikae kwenye begi la mkononi. Kisha akasisitiza mambo matatu: anywe maji, asipatwe na baridi, apumzike kabla hajachoka. Mtoto mwenye seli mundu akipungukiwa maji, akipigwa na baridi au akichoka sana, chembe nyekundu za damu zenye umbo la mundu zinaweza kuziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali.

Shida ni kwamba Lisbon ni mji wa vilima.

Panda kwa basi, shuka kwa miguu

Mama mwenye nyumba tuliyofikia ni mzaliwa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na Kiswahili anakijua kiasi. Ijumaa jioni tulimwonyesha ratiba yetu, akacheka. "Wageni wanapanda kwa miguu," alisema. "Sisi tunapanda kwa basi, tunashuka kwa miguu."

Basi lenyewe ni namba 737, dogo, linaloanzia Praça da Figueira katikati ya mji na kupanda hadi kwenye ngome ya kale ya Castelo de São Jorge. Tramu ya manjano namba 28 ndiyo inayopendwa na watalii, ila hujaa sana. Ukiwa na mtoto, mwache aipige picha ikipita.

Kutoka ngomeni tulishuka taratibu kupitia Alfama, mtaa wa kale ulionusurika kwa kiasi kikubwa tetemeko la Novemba 1, 1755, lililobomoa sehemu kubwa ya jiji. Ni vichochoro, ngazi na nguo zilizoanikwa madirishani. Aliyewahi kupotea Mji Mkongwe, Zanzibar, hatajiona mgeni. Juni ni mwezi wa sikukuu ya Mtakatifu Antonio, aliyezaliwa Lisbon, kwa hiyo mitaa ilipambwa kwa karatasi za rangi na watu walichoma samaki aina ya sadini nje ya nyumba zao.

Mvalishe mtoto raba zinazoshika chini, maana mawe ya njiani yanateleza. Beba chupa, maji ya bomba ya huko ni salama kunywa. Sisi tulikaa kila tulipoona benchi kivulini, bila kusubiri mtoto aseme amechoka.

Kosa letu

Hadi saa saba mchana mambo yalikwenda vizuri, nasi tukajisahau. Tukapanda treni kutoka kituo cha Cais do Sodré hadi Cascais, mji wa ufukweni. Jua lilikuwa kali, watoto wanacheza majini. Mpwa wangu aliomba aingie kidogo, tukamruhusu. Lakini ile ni Atlantiki. Hata jua likiwaka, maji yake ni ya baridi, si kama ya Kigamboni.

Usiku miguu ilianza kumuuma.

Tulimpa dawa ya maumivu kama daktari alivyoelekeza, tukamfunika blanketi, tukamnywesha maji kidogo kidogo. Dada alikaa na kipimajoto mkononi. Tulijua kwamba akipata homa, maumivu ya kifua au akipumua kwa shida, hatusubiri asubuhi, tunapiga 112, namba ya dharura ya huko. Alfajiri maumivu yalipungua, akalala.

Jumapili, sehemu moja tu

Tulifuta ratiba yote, tukabakiza Belém. Mtoto alilala hadi adhuhuri, kisha tukachukua tramu namba 15. Belém iko kando ya mto Tagus, ni tambarare, na ina bustani pana za kupumzika.

Hapo ndipo ilipo Jerónimos, nyumba ya watawa iliyoanza kujengwa 1501. Ndani ya kanisa lake kuna kaburi la Vasco da Gama, yule aliyefika Malindi mwaka 1498 na kupata huko nahodha wa kumwonyesha njia ya India. Nilimwambia mpwa wangu kuwa Wareno walituachia maneno kama meza, bendera, karata na leso. Na gereza limetokana na igreja, yaani kanisa. Akatazama nguzo zile ndefu, akanong'ona: "Kwa hiyo tuko gerezani?"

Tulimalizia na vikeki vya krimu ya mayai vya Pastéis de Belém, duka la tangu 1837. Mama mwenye nyumba alitudokeza tusipange foleni ya nje ya wanaobeba. Ndani kuna kumbi kubwa za kukaa.

Mzazi mwenye mtoto kama wetu, nisingekwambia usiende. Muone daktari mapema, panga sehemu moja kwa nusu siku, na usisahau masharti kwa sababu asubuhi ilikwenda vizuri.

Tuliporudi, bibi yake alimkumbatia na kumuuliza kama aliumwa.

"Usiku mmoja, Bibi," alijibu. "Siku nyingine zote nilitembea."