Jicho Halina Kipuri

Mwanangu wa kwanza ni fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja ya Kakoba, mjini Mbarara. Sisi ni watu wa Kivu. Tulipofika Uganda tulipokewa Nakivale, makazi yaliyofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ambayo hata leo yanawapokea wenye kukimbia. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 humruhusu mkimbizi kufanya kazi. Basi kijana alipomaliza shule nilimwacha aende mjini kujifunza ufundi, nami nikabaki na shamba langu na mbuzi wangu watatu.

Katika mwezi wake wa pili kazini alikuja kunitembelea Ijumaa jioni. Tulikula, tukazungumza, tukalala. Usiku wa manane nikamsikia akilia kama mtoto mdogo. "Mama, macho yangu yamejaa mchanga," alisema. Nilipowasha taa alipiga kelele, wala hakuweza kufumbua macho. Jirani alikuja na kikombe cha maziwa, akasema ndiyo dawa ya mafundi wote. Huku Ankole maziwa hayakosekani, na shauri hilo lina wafuasi wengi. Sijui ni nini kilichonizuia kulifuata, lakini nashukuru kwamba nilizuiwa.

Asubuhi nilimshika mkono kama kipofu, nikampeleka kwa mganga wa macho. Mganga alitueleza kwamba mwali wa umeme unaoyeyusha chuma hutoa mionzi ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni. Mionzi hiyo huunguza utando wa mbele wa jicho kama jua kali liunguzavyo ngozi. Ila maumivu huchelewa, mara nyingi kwa muda wa saa 6 hadi 12. Ndiyo sababu fundi hucheka mchana akalia usiku. Kwa kawaida jicho hupona kwa siku moja au mbili. Maziwa hayaponyi, bali huweza kupeleka vijidudu kwenye jeraha. Na matone ya ganzi, ijapokuwa hutuliza upesi, si ya kutumia nyumbani, kwa kuwa yakirudiwarudiwa hudhuru jicho. Tena tukaambiwa kuwa mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliamua kwamba mionzi ya kuchomelea na moshi wake vyote husababisha saratani kwa binadamu.

Nilimwuliza mwanangu alikuwa amevaa nini. Akainamisha kichwa: miwani myeusi ya jua, ile inayouzwa njiani. Miwani hiyo hupunguza ukali wa mwanga tu. Haikutengenezwa kwa mwali wa umeme, na uso wote hubaki wazi.

Jumatatu nilifuatana naye hadi Kakoba kuonana na fundi wake, mzee mwenye subira. Yeye hutumia kofia ya zamani yenye kioo cheusi kisichobadilika. "Mama, hii ni nzuri," aliniambia, "lakini ukiishusha huoni kitu mpaka moto uwake. Mwenye uzoefu hulenga kwanza, akaishusha kwa kutikisa shingo, ndipo akagusa chuma. Mwanafunzi hugusa kwanza." Hapo nilifahamu. Kasoro haikuwa ya kioo, bali ya ile nukta moja kabla ya kioo kushuka, na mwanafunzi hukutana na nukta hiyo mara nyingi kwa siku.

Kofia inayojitia giza yenyewe huiondoa nukta hiyo. Aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1981 kutoka Uswidi. Kioo chake kina tabaka la fuwele za kimiminika. Vijicho vidogo vya kuhisi mwanga vikiona mwali, kioo hugeuka giza kabla jicho halijawahi kupepesa. Tena kioo kilicho halali huzuia mionzi ya hatari wakati wote, hata kabla hakijawa cheusi.

Niliuza mbuzi mmoja. Dukani tulitazama kwanza namba, rangi baadaye. Kikiwa cheupe kioo huwa namba 3 au 4; kikiwa cheusi huwa kati ya 9 na 13, na kwa vijiti vya milimita 2.5 na 3.2 vinavyotumika kwa milango na madirisha, namba 10 au 11 hufaa. Tulitafuta alama ya kipimo, EN 379 ya Ulaya au Z87.1 ya Marekani, tukapendelea yenye vijicho vinne kuliko viwili, kwa sababu mkono au bomba likiziba kimoja vingine huona. Betri iwe ya kubadilishwa, na ukanda wa kichwa ukae vizuri. Muuzaji akaielekeza juani, kioo kikawa cheusi. Jaribio hilo huonyesha kuwa kinafanya kazi, lakini haliwi badala ya alama.

Kila asubuhi mwanangu hufuta vijicho na kioo cha nje, na kikijaa matone ya chuma hukibadilisha. Kioo cha ndani kikipasuka, kofia hiyo haivaliwi tena. Nje juani hupunguza wepesi wake wa kuhisi, ili jua lisiitie giza bure.

Lakini, wasomaji wenzangu, kofia humlinda aliyeivaa peke yake. Nilipokuwa nimekaa pale karakanani nilihesabu watoto watano waliosimama kutazama ule mwanga mzuri, na mama mmoja akiuza ndizi hatua chache tu kutoka hapo. Nilimwomba mzee atundike turubai upande wa njia. Alifanya hivyo siku ileile, na watoto nikawaambia wageuze nyuso.

Mlango ukiharibika utachomelewa upya, na hata mbuzi niliyemwuza amekwisha kupata mrithi zizini. Jicho halina kipuri. Mzazi anayempeleka mtoto kwenye ufundi huu aulize habari ya kofia siku ya kwanza, kabla hajauliza habari ya mshahara.