DnD ya zamani: maoni yangu (washkaji mniwie radhi)

Haya wadau, kimya kimekuwa kirefu, lawama zote zipelekeni kwa tesiti. Leo naandika jambo litakalonigombanisha na wenzangu wa kimbwetani.

Wanaojua wanajua: kila Ijumaa jioni tunakaa watu sita kucheza Dungeons & Dragons, ile ya zamani, kwa kitabu cha Tom Moldvay cha mwaka 1981. Kwa msioujua, ni mchezo wa kusimuliana. Mmoja ni mwamuzi, anawaeleza mnachokiona pangoni. Wengine kila mtu ana mhusika wake na anasema anafanya nini. Pakiwa na utata, dadu zinaamua. Dadu za nyuso ishirini hatuna, kwa hiyo tunachota vikaratasi vyenye namba kwenye kikombe. Msicheke! Kampuni ya TSR yenyewe, wenye mchezo, iliwahi kuadimikiwa na dadu mwaka 1979 ikawa inaweka vikaratasi vya namba kwenye boksi.

Sasa ugomvi wenyewe. DnD ya zamani si mchezo wa kuua. Washkaji wanausifia eti ni mgumu, watu wanakufa hovyo, halafu wanaingia pangoni kama wanagombania daladala. Jamani, kitabu si mnacho? Ukiua goblin mmoja, kale kazimwi kadogo, unapata pointi 5 za uzoefu. Sarafu moja ya dhahabu ukiitoa salama ni pointi 1. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kupanda ngazi ya pili, yaani goblin 400 akiwa peke yake, au sanduku moja zuri alilolibeba wenyewe wamelala. Tena mwamuzi anarusha dadu mbili kuona hao goblin wamewapokeaje, na zikitoka kumi na mbili mmepata marafiki. Hata vita vikianza, mwenzao wa kwanza akianguka wanaweza kutimua mbio. Ndiyo maana mchawi wa ngazi ya kwanza ana uhai kiduchu na uchawi mmoja tu kwa siku. Anatakiwa aongee, ahonge, akimbie.

La pili, na hapa ndipo nitapigwa mawe: Tomb of Horrors ni mtihani mbovu. Gary Gygax aliliendesha kaburi hilo kwenye tamasha la Origins mwaka 1975, likachapwa 1978, na wapenzi wa mambo ya zamani hawataki liguswe. Kuna sura ya shetani wa kijani ukutani, mdomo wazi, ndani giza tupu. Ukiingia mdomoni umekwisha. Hakuna sapu, umedisko papo hapo. Mtetezi wake atasema ungechomeka fimbo kwanza. Sawa, kwa aliyewahi kucheza. Mgeni atajuaje? Sisi wa ualimu tumefundishwa kwenye somo la upimaji kwamba swali ambalo aliyesoma na asiyesoma wote wanalikosa halipimi kitu.

Na hili si la kinadharia. Mwezi uliopita alikuja dada mmoja wa mwaka wa kwanza. Alitumia karibu saa nzima kumtengeneza mhusika wake, akampa jina la bibi yake. Mlango wa tatu tu, akafa. Dalili haikuwepo, swali hakuulizwa. Mwamuzi akasema "ndiyo ya zamani hiyo", watu wakaangua kicheko. Tangu hapo kila Ijumaa ana semina. Semina za Ijumaa saa kumi na moja jioni ni za kozi gani?

(Kwa wale wa "tucheze kila kitu kama kilivyoandikwa": toleo la Advanced la 1978 linasema binadamu mwanamke hata abahatike vipi nguvu zake hazipiti 18/50, mwanaume anafika mia yote. Moldvay hana upuuzi huo. Toleo lile likija kimbwetani nakuja na kalamu nyekundu.)

Mwamuzi kuwa na neno la mwisho sina shida nako, mchezo hauendi bila hilo. Ninachotaka ni mchezaji aweze kuuliza "kwa nini nimekufa?" na jibu liwepo. Mwezi wa saba nakwenda BTP. Darasa la watoto sitini, mwenye chaki ni mimi, na wao hawana semina ya uongo ya kukimbilia.

Ijumaa hii naendesha mimi. Nimechora pango lenye milango saba na mitego minne, kila mtego una dalili: michirizi sakafuni, harufu, mifupa ya aliyetangulia. Kufa mtakufa, msijidanganye. Yule dada nimemtumia meseji, bado hajajibu. Wenye kubisha tukutane kimbwetani saa kumi na moja, na mje na penseli zenu, mimi si stationery.