Hesabu za Kichwani

Ukikaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa Bariadi mjini, haipiti nusu saa hukumu haijatolewa: watoto wa siku hizi hawana akili. Simu imewamaliza. Chipsi zimewamaliza. Shule zenyewe zimewamaliza. Nami huwa naitikia, tena kwa sauti, maana nililelewa na watu ambao hawakuwahi kushika kalamu, na vichwa vyao vilibeba kazi ambayo leo tumeikabidhi betri.

Ushahidi wangu ni gulio la pamba. Miaka ya sabini mwishoni, tukiwa bado Mkoa wa Shinyanga (mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa 2012), msimu ukifunguliwa watu walilala nje ya ghala la kijiji wakilinda mizigo yao. Pamba safi huku, fifi kule, na ole wako ukizichanganya. Karani alikuwa na kitabu, kalamu na mizani. Baba alikuwa na kichwa. Mzigo ukining'inizwa, alimwacha karani aongee, yeye macho kwenye mshale. Kilo sitini na saba, toa uzito wa gunia, zidisha kwa bei ya safi. Njoo kwenye fifi, nayo kwa bei yake. Jumlisha, kisha toa deni la dawa. Karani akiwa bado anakwaruza kitabuni, mzee ameshamnong'oneza mama jumla kwa Kisukuma, na mama ameshajua kama mwaka huo kuna kanga au hakuna. Jumla ya karani ikija pungufu, baba hakugomba. Alisema tu, "Hebu rudia, mwanangu." Na karani, mwenye cheti chake, alirudia.

Hesabu zile hazikushuka kutoka mbinguni. Kizazi cha babu zetu kilipunjwa mno kwenye mizani za wanunuzi, hadi mwanzoni mwa miaka ya hamsini wakulima wa Kanda ya Ziwa wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Ndipo vyama vya ushirika vilipoota, Paul Bomani akiwa mbele, vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, lililokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Mkulima alijua kuzidisha kwa sababu asiyejua aliibiwa, basi.

Guku, yaani babu, naye alikuwa na shule yake langoni mwa zizi. Jioni ng'ombe wakirudi hakuhesabu hata mmoja. Alisimama na fimbo yake, wakapita, kisha akasema, "Yule mwekundu mwenye doa la paji hayupo, mjukuu wa yule tuliyempata kwa mahari ya shangazi yako." Kila mnyama alikuwa na ukoo, na ukoo wa ng'ombe ulikuwa ndio daftari la ukoo wa watu: nani alioa, nani anadaiwa, nani alihama na ahadi hajaitimiza. Sisi wavulana tulitakiwa kulijua daftari hilo kabla ya meno ya utotoni kwisha. Sitataja bao la isolo, ambapo wazee waliona mzunguko wa tatu wa kete kabla hujagusa shimo la kwanza, wala ngoma za baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu vikigombea watu uwanjani, kila upande na ningi wake, mtunzi anayebeba nyimbo za usiku mzima bila kipande cha karatasi.

Leo nenda dukani na noti ya elfu kumi ununue sabuni ya elfu tatu na mia tano. Kijana anachukua simu, anafungua kikokotoo, anabonyeza, anakupa chenji. Gulioni mizani ni ya kidijitali, malipo yanaingia kwenye simu, na ukimuuliza mkulima wa miaka ishirini na tano amekatwa kiasi gani cha pembejeo anakwambia, "Ipo kwenye meseji." Shuleni ndiko kunakoniuma zaidi. Mwaka 2012 karatasi za darasa la saba zilianza kusahihishwa na mashine, na mtoto akafundishwa kusiliba kidoti. Hata hesabu ikawa ya kuchagua herufi. Mtoto asiyejua kitu alikuwa na nafasi yake ya bahati, na aliyejua njia hakuwa na pa kuionyesha. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huohuo, yaliyotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, nchi nzima ikashika kichwa.

Hapo kijiwe hupiga makofi. Mimi ndipo ninapoanza kusitasita.

Maana hata wenye vipimo wamekuta jambo linalofanana na malalamiko yetu, lakini halisemi tunachotaka liseme. James Flynn wa New Zealand alionyesha miaka ya themanini kwamba alama za vipimo vya akili katika nchi nyingi tajiri zilikuwa zikipanda kizazi baada ya kizazi. Kisha kwingine zikageuka. Mwaka 2018 Bernt Bratsberg na Ole Rogeberg walichapisha takwimu za vijana wa Norway wanaopimwa wakiingia jeshini: alama zilipanda hadi kwa waliozaliwa katikati ya miaka ya sabini, halafu zikaanza kuteremka. Na zilitofautiana hata kati ya ndugu wa tumbo moja, mkubwa na mdogo, kwa hiyo wale wanaosema damu imechakaa hawana pa kushika. Kilichobadilika kiko kwenye malezi, shule, chakula au starehe zao, na juu ya kipi hasa bado wanabishana.

Karibu na kwetu mambo yalikwenda kinyume. Watoto wa vijijini Embu, Kenya, walipimwa 1984, na wenzao wa umri uleule wakapimwa 1998. Katika miaka kumi na minne tu alama zilikuwa zimepanda sana. Watafiti walitaja wazazi waliosoma zaidi, familia ndogo zaidi, na watoto wenye lishe na afya bora. Sasa nikiwaambia haya wenzangu wa kahawa, wananitazama kama msaliti.

Lakini tujiulize sisi tulikula nini. Mwaka 1974, nyumba zikihamishwa kwa Operesheni Vijiji, nchi iliingia kwenye upungufu mkubwa wa chakula, na wapo tuliozaliwa nao ambao miguu yao ilibaki kama fito. Hata mwanzoni mwa miaka ya tisini karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30. Kichocho tulikioga bwawani tukicheka. Chumvi tuliyokula haikuwekwa madini joto. Kuanzia 1986 serikali iligawa vidonge vya madini hayo katika wilaya zenye rovu nyingi, na baadaye wachumi Erica Field, Omar Robles na Máximo Torero wakafuatilia: watoto waliokuwa tumboni mama zao wakiwa na kinga hiyo walikuja kusoma zaidi kwa takriban theluthi ya mwaka, wasichana wakinufaika kuliko wavulana. Kidonge tu.

Kisha kuna dawa ya pamba, ambayo hakuna anayeitaja kijiweni. Sisi ndio tuliochota maji, tukaikoroga kwa kijiti ndani ya ndoo ileile ya nyumbani, tukabeba bomba mgongoni likivuja hadi kiunoni. Shati lilinuka hadi Jumapili. Mama mjamzito aliingia shambani kesho yake kupalilia. Kopo likiisha lilioshwa, likawekwa mafuta ya taa, na katika nyumba nyingine maji ya kunywa. Kule bonde la Salinas, California, watafiti waliwafuata watoto wa vibarua wa mashambani tangu tumboni. Wale ambao mama zao walikuwa na mabaki mengi zaidi ya dawa za jamii ya oganofosfeti mwilini walikutwa, wakiwa na miaka saba, na takriban alama 7 pungufu kuliko wale wenye mabaki kidogo zaidi.

Kwa hiyo tukisifu vichwa vya zamani, tunawasifu waliobaki na vichwa. Yule tuliyekaa naye dawati moja, aliyekuwa akisinzia kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho ya muhula, mwalimu akamwita zuzu hadi akaacha shule, hayupo kijiweni kusimulia jinsi wazee wa zamani walivyokuwa na akili. Nasikitika kwa hesabu za baba, na sitaacha kusikitika. Ila kama ni kupotea kwa akili kunakostahili msiba, nyingi zilizikwa enzi zetu, tena kimyakimya.

Tena akili si ya aina moja. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichapisha matokeo ya vijana wa Kijaluo wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya. Waliojua sana mitishamba na maradhi yanayotibiwa nayo walipata alama za chini kwenye msamiati wa Kiingereza. Kwao muda wa mtoto ulikuwa mmoja. Uliotumika porini haukurudi darasani. Nadhani watoto wetu wa Simiyu wako kwenye biashara hiyohiyo, wakibadilisha ujuzi mmoja kwa mwingine, isipokuwa kwenye mtihani wa kusiliba, ambako wanatoa na hawapewi kitu.

Kuna kijana ninayemfahamu, wa upande wa Itilima. Darasa la saba lilimshinda kabisa. Sasa ni mwimbaji wa Kisukuma wa kualikwa harusini, na anaimba hadi alfajiri, akiwataja wageni kwa majina, koo zao, ng'ombe wao na madeni yao, vina vikiwa mahali pake. Nilimuuliza anawezaje bila daftari. "Nikiandika nasahau, babu," akasema. Kisha akaniomba nimnunulie bando, alikuwa na wimbo wa kurusha usiku ule.