Buleusa: Linux, kompyuta kuukuu na majina ya watu

Buleusa, Walikale. Ukitaka hapa kuandikiwa barua ya maombi, orodha ya wanafunzi au ripoti ya mkutano, unapeleka karatasi yako kwa kijana mmoja mwenye kompyuta mbili kuukuu, printa moja na pano ya jua juu ya paa. Wateja wake ni wenyeji na wakimbizi wa ndani, walimu, makanisa na vyama vya akina mama. Wote wanamwita Fundi. Na wote wanajua kwamba ukikaa kusubiri zamu yako, utasikiliza pia maoni yake juu ya Linux.

Linux ni kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta. Kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Kazi hiyo iko hadharani: kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Simu za Android tunazobeba mfukoni nazo zinatumia kiini hicho hicho. Kwa hiyo mtu akimwambia Fundi kwamba Linux ni mambo ya wasomi wa Ulaya, yeye hucheka na kumjibu: «Papa, unayo mkononi tangu asubuhi.»

Maoni yake ya kwanza ni juu ya mashine zenyewe. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai kumbukumbu ya giga 4 kwa uchache, pamoja na kifaa cha usalama ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Moja ya kompyuta za Fundi ina giga 2 tu. Ameiwekea Debian, aina ya Linux inayotengenezwa na watu wa kujitolea tangu 1993, na inaandika na kuchapisha vizuri. Tena anakumbusha kwamba kasiteriti inachimbwa hapa hapa Walikale, kule Bisie, na kwamba bati linalotokana nayo ndilo linalotumika kulehemu vipande ndani ya kompyuta. Kwake ni aibu mali itoke kwetu, irudi ikiwa mashine, halafu tuitupe ingali nzima.

Maoni ya pili ni juu ya fulashi. Virusi vingi vinavyoruka kutoka fulashi hadi fulashi viliandikwa kwa ajili ya Windows, na kwenye Linux haviamki. Mteja akileta fulashi ambayo mafaili yake yamefichwa, Fundi anaifungua kwenye Debian, anayaonyesha tena na kufuta uchafu. Mfumo wenyewe anaunakili kwa yeyote anayeutaka, bila leseni ya kununua na bila kuiba. Mahali ambapo intaneti ni ya kutafuta juu ya kilima, hilo si jambo dogo.

Anapenda pia kutaja kwamba Waafrika wameweka mkono wao humo. Ubuntu, aina ya Linux inayojulikana sana, ilitoka mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake maana yake ni utu. Mwaka huo huo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa programu ya ofisi ya OpenOffice kwa Kiswahili.

Si wote wanaokubaliana naye. Mwalimu mmoja anamwambia kila mwezi kwamba fomu za Excel zenye mahesabu ya kujiendesha huharibika zikifunguliwa na LibreOffice. Fundi hakatai. Kwa kazi hizo ameacha Windows kwenye ile kompyuta ya pili. Asiyetaka kuona kasoro za chombo chake, anasema, si fundi, ni mchuuzi.

Lakini jambo analolishikilia kuliko yote ni orodha. Kabla ya kila mgao, kamati huleta majina ya familia: baba, mama, idadi ya watoto, namba ya simu, na kijiji walichokimbia. Katika eneo hili lililopitiwa na makundi mengi yenye silaha, karatasi inayosema nani katoka wapi na analala wapi inaweza kumletea mtu msaada, au kumletea mauti. Neno la siri la kuingilia kwenye kompyuta halitoshi. Mtu akichomoa diski na kuichomeka kwenye mashine nyingine, atasoma yote, isipokuwa kama diski yenyewe imefungwa kwa siri. Debian inakuuliza siku ya kwanza ya kuiweka kama unataka diski nzima ifungwe hivyo, na Fundi alijibu ndiyo.

Anaonya, hata hivyo, kwamba ukisahau neno hilo la siri, hakuna wa kukufungulia. Kwa sababu hiyo kamati inapaswa kuwa na nakala nyingine, nayo imefungwa, kwa mtu mwingine wa kuaminika. Na kufuli hilo halimsaidii mtu aliyeelekezewa bunduki akiambiwa aseme neno la siri. Kwa hiyo Fundi ana kanuni moja isiyotegemea Linux wala Windows: orodha ikishachapishwa na kurudishwa kwa wenyewe, anaifuta mbele yao.

Mama mmoja wa kamati ya wakimbizi amekwisha kuizoea kanuni hiyo. Haulizi tena kuhusu Debian. Anahesabu kurasa zake, anazifunga ndani ya kitenge, halafu anasimama nyuma ya Fundi akitazama kioo cha kompyuta mpaka jina la faili litoweke. Ndipo anapolipa.